Nta Iliyolala Darini

Tabora mjini, kata ya Kanyenye, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kuna nyumba ya vyumba viwili ambayo haijawahi kupoteza kitu cha mtu. Mwenye nyumba ni Consolatha. Ukimwuliza umri atakwambia alizaliwa mwaka wa nzige, na ukimwuliza nzige gani, atasema wale waliokula shule, ndiyo maana yeye hakusoma.

Kwao ni Usinge, huko reli inakopita kandokando ya misitu ya hifadhi. Aliolewa na fundi wa reli akahamia mjini. Fundi akafa, nyumba ikabaki, na watu wa Usinge wakaendelea kushuka kwenye treni na mizigo yao na kumwachia. Mmoja aliacha baiskeli, akairudia baada ya miaka sita akaikuta imejazwa upepo. Mwingine aliacha jogoo; siku aliyorudi alikabidhiwa jogoo wake pamoja na wajukuu kumi na saba wa jogoo, wote wamepangwa kwa kimo. Tena yupo bwana aliyemwacha mama mkwe wake hapo kwa wiki moja, wiki ikazaa miaka miwili, na alipokuja kumchukua, mama wa watu alikuwa amenenepa hata mlango ukamkataa. Ikabidi ukuta ubomolewe. Kiraka bado kipo, asiyeamini aende akakishike.

Ndiyo maana watu walisema, "Kwa Consolatha hakipotei kitu." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mali yake yote. Shamba hakuwa nalo, ng'ombe hakuwa nao, na watoto wake walikuwa mbali, kila mmoja na simu yake yenye mtandao mbaya.

Kazi yake ilikuwa kuchemsha nta. Warina asali wakishakamua asali yao, walimletea masega. Aliyatia guniani, gunia akalitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, akalikandamiza kwa mti mpaka nta ikapanda juu kama mafuta ya supu. Akaichuja, akaimimina kwenye masufuria, ikaganda kuwa mabonge ya manjano. Kisha alimega kipande akatafuna. Nta safi haishiki meno. Iliyotiwa unga au mafuta ya ng'ombe hung'ang'ania kama mgeni aliyeishiwa nauli. Meno ya mbele ya Consolatha yalikuwa yamebaki manne, na wanunuzi waliyaamini manne hayo kuliko karatasi yenye mhuri.

Lakini alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Huu ulikuwa umehamia shingoni, ukajenga, ukaoa. Asubuhi aligeuza shingo kwanza, ndipo akaamua kama kumekucha.

Mwaka huo redio ikaja na habari za wakubwa wawili, Marekani na China, waliokuwa wakiuziana bidhaa miaka nenda miaka rudi, sasa wamegeuka wanapandishiana ushuru. Huyu akipandisha leo, yule anajibu kesho. Huyu anaongeza juu ya jibu, yule anaongeza juu ya nyongeza. Na nchi nyingine, kubwa kwa ndogo, nazo zikapigwa na vumbi la ugomvi huo. Consolatha alisikiliza huku akikoroga pipa, akasema na shingo yake, "Hayo ni ya huko huko."

Siku ile ile ya huko huko yakabisha hodi.

"Hodi kwa punda wa babu yangu!"

Alikuwa Majidi, mnunuzi wa nta kutoka Dar es Salaam, Mzaramo wa kuzaliwa. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya Bagamoyo: hutukanana mchana kutwa, na anayekasirika ndiye mjinga.

"Punda wa babu yako alikufa kwa kukutazama sura," alijibu Consolatha. "Pita, Mzaramo. Ila kaa mbali na pipa, usije ukaninyunyizia tui la nazi kwenye nta."

"Nazi nayo ni akili, mtani. Nyie mlitembea miezi mitatu na meno ya tembo kichwani, mkafika pwani mkayatua, mkarudi kwa miguu. Mtu mwenye akili angepanda juu ya tembo."

Walicheka. Majidi akaketi kwenye ndoo, na uso wake ukabadilika.

"Safari hii sinunui, mama."

Consolatha aliacha kukoroga. Majidi hakuwahi kumwita mama. Mtani anapoacha utani, jua kuna msiba.

"Tajiri wangu pale Dar hupeleka nta kwa hao wakubwa. Wao hutengenezea mishumaa na mafuta ya midomo. Sasa anasema akiipakia leo kwa ushuru huu, meli ikifika kule atakuta ushuru mwingine. Ameogopa. Ananiambia nikinunua, ninunue nusu ya bei, au nisinunue."

"Sasa sisi tumegombana na nani?"

"Hatujagombana na mtu."

"Basi nusu bei ya nini?"

 Majidi alikunywa uji, akaondoka na mizani yake begani, bila kuiteremsha hata mara moja.

Habari ilipanda treni ikafika Usinge kabla Majidi hajafika Dar. Mwenyekiti wa kikundi cha warina asali ni mzee Lugembe, mtu mwenye redio mbili: moja ya kusikiliza, nyingine ya kuhakikisha kama ya kwanza inasema kweli. Aliwakusanya wenzake, kaya nane, akawaeleza jinsi ya kujiandaa.

"Babu zetu," alisema, "walipofika mahali watemi wawili wanagombea ushuru wa njia, huyu anadai vitambaa kumi, yule ishirini, walifanyaje? Hawakuendelea, wala hawakurudi. Walitua mizigo, wakapiga kambi, wakasubiri watemi wachoke. Watemi wakichoka, mlango hufunguka. Basi na sisi tupige kambi. Asiuze mtu hata ukucha wa nta. Yote tuipeleke mjini kwa Consolatha, ikae karibu na reli. Siku bei ikirudi, tunapakia asubuhi ile ile."

Hapo pana akili, tusimsingizie. Lakini mzee Lugembe alipenda kufanya jambo kwa heshima zake. Mwezi wa nane waliposhuka stesheni ya Tabora, alikataa bajaji na alikataa bodaboda. Akataka kila mtu ajitwike nta yake kichwani juu ya ngata, watembee kwa mstari mmoja hadi Kanyenye, wakiimba kama msafara wa kale. Wakatembea. Wenye maduka walitoka kuangalia. Mwendesha bajaji mmoja aliwafuata nyuma njia nzima akiwabembeleza kwa huruma.

Consolatha aliwapokea mlangoni. Mbele alikuwa Lugembe mwenyewe, shingo imesimama. Nyuma yake Ngollo, kijana wa miraba minne, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye siku hiyo jasho lilimtiririka hadi kwenye viatu. Mwisho kabisa alikuwa Suzana, mjane, na mzigo mdogo wa mabonge mawili, akitembea kama amebeba mtungi wa maji.

"Mwangaluka, mayo," Suzana alimwamkia kwa lugha ya kwao, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Tua, tua, shingo si ya kuazima."

"Tumekuja kupiga kambi," alitangaza Lugembe.

"Nimesikia. Nilitaka kuuliza tu: hao babu zetu walipopiga kambi, waliokuwa wakichota maji na kupika ni akina nani?"

Wanawake walicheka. Lugembe alijifanya ana kikohozi.

Kila bonge lilikuwa na alama ya kaya yake iliyochongwa kwa kisu, alama zile zile wanazochonga kwenye mizinga msituni ili mtu asirine cha mwenzake. Ya Lugembe ilikuwa upinde. Ya Ngollo mguu wa kuku. Ya Suzana mwezi mchanga. Consolatha akauliza kama wapime.

"Kupima kati ya ndugu ni kualika ugomvi," alisema Lugembe. "Alama inatosha. Siku ya siku, mwenye upinde atachukua upinde."

"Na tuiweke wapi?"

"Juu. Nta hukaa juu."

Hapo hakuna aliyebisha, na Consolatha hakubisha hata moyoni. Kwao Usinge mama yake alikuwa na uchaga juu ya jiko, chini ya paa la nyasi, na nta ilikaa huko mwaka mzima, nondo wakiogopa moshi, wezi wakiogopa mama. Kila mtoto wa Usinge anajua hilo kabla hajajua kujifuta kamasi. Basi Consolatha akaweka ngazi, na kwa kuwa dari ile ni yake na anajua mbao zipi zimeoza, akapanda mwenyewe. Mzigo mmoja mmoja, mara tisa, kwa kuwa na yeye alikuwa na nta yake kidogo. Kila mzigo ulipita kichwani pake. Shingo ilipiga kelele, yeye akaiambia inyamaze, wageni wapo.

Watu tisa pale uani, wote werevu, wote wamezaliwa na nyuki masikioni, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuangalia kilichokuwa juu ya dari. Juu ya dari palikuwa na mabati.

*

Mwezi wa tisa ukapita. Wakubwa hawakuchoka. Redio ikisema wamekaa mezani, kesho yake inasema wameamka wameipindua meza. Lugembe alipiga simu kila Jumapili.

"Nta ipo?"

"Ipo."

"Kambi inaendelea."

"Endeleeni."

Mwezi wa kumi jua la Tabora likateremka chini kuangalia watu wanafanya nini. Kuku wa jirani alitaga yai limeshachemka. Kilichobaki ni chumvi. Nzi walitembea kwa miguu. Mbwa mmoja wa Kanyenye alikuwa akifukuza mwizi, wote wawili wakaishia kutembea pole pole, na mwishowe wakaketi kivulini wakasameheana.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, Consolatha alijinyoosha mkekani. Kitu kikamdondokea kwenye paji la uso. Akadhani mjusi amekosa adabu. Akafuta, akanusa. Harufu ya msitu. Kitu kikadondoka tena, kikaganda kwenye kope, jicho likafungwa.

Alipanda ngazi kwa jicho moja.

Magunia yalikuwa yamelala chini kama nguo iliyovuliwa. Mabonge hayakuwapo. Pale palipokuwa na mabonge zaidi ya thelathini palikuwa na jitu moja la manjano, limejaza pembe yote ya dari, mgongo laini, linang'aa, halina alama. Upinde haukuwapo. Mguu wa kuku haukuwapo. Aliligusa, kidole kikazama.

Aliketi juu ya mbao pale pale, joto likimkaanga, akakumbuka paa la nyasi la mama yake, ubaridi wake, na moshi wake. Miaka thelathini ameishi chini ya mabati haya. Kila mwezi wa kumi amelaani joto lake. Na bado mikono yake ilipanda ngazi na nta kana kwamba yuko kwa mama yake.

"Mjinga mzee," alijiambia. "Hata mjinga mtoto ana nafuu, atakua."

Jioni, joto lilipopungua na jitu likaanza kuwa gumu, Shetani akamtembelea. Alikuja na kisu cha jikoni. Consolatha alizijua alama zote tisa. Angekata vipande tisa sawasawa, achonge upinde hapa, mguu wa kuku pale, ashushe. Nani atajua? Alikipasha kisu moto, akakata kipande cha kwanza, akachonga mwezi mchanga wa Suzana. Ulitoka vizuri, mwezi mzuri kuliko ule wa Suzana mwenyewe.

Akakinyanyua kipande kile kukiweka pembeni, na shingo ikasema: huu si mzigo wa Suzana.

Aliuelewa usemi huo. Mzigo wa Suzana ulikuwa mwepesi. Yeye aliupandisha mwenyewe. Ukimpa Suzana hiki, umempa cha mtu mwingine, na mwingine huyo amepunjwa, na aliyempunja ni nyumba isiyopoteza kitu. Akaufuta mwezi kwa kidole gumba. Kisha akampigia Lugembe, na haikuwa Jumapili.

"Nta ipo?" aliuliza Lugembe kwa mazoea.

"Ipo. Ila sasa ni mtu mmoja. Njooni."

*

Walikuja wote wanane. Na Majidi naye, aliyekuwa amerudi Tabora kuangalia kama kuna mtu kalainika, akakuta kilicholainika ni nta. Waliishusha vipande vipande kwa waya wa moto, wakaipima kwa mizani ya Majidi ya kuning'iniza. Ikawa kilo mia na themanini.

"Haya," alisema Consolatha. Alikuwa amesimama kwa kuegemea mlango, maana siku mbili hakulala. "Kosa ni langu. Dari ni yangu, mabati ni yangu. Semeni kila mtu alileta nini, achukue chake, mniache nipumzike."

"Mimi mzigo wangu kama kilo ishirini na tano," alianza Ngollo, na pengine angeishia hapo.

"Wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa Ngollo," alisema mzee Lugembe. "Wote mliona. Weka thelathini."

"Mzee, shikamoo yako, lakini wangu ndio ulikuwa mkubwa. Nilisema ishirini na tano kwa heshima tu. Ilikuwa thelathini na tano."

"Kama wewe thelathini na tano, mimi arobaini."

"Basi arobaini na tano!"

Na wengine, kwa kuwaona hawa wawili wanapaa, wakaogopa kuachwa chini. Aliyekuwa na kumi na tano akasema ishirini na nane. Aliyekuwa na ishirini akasema thelathini na tatu. Suzana peke yake alisema, "Kumi na mbili," na Ngollo akamgeukia: "Sema ukweli, shemeji, na wewe ongeza kidogo."

Majidi alishika kiuno kwa kicheko.

"Jamani Wanyamwezi! Nimetoka Dar kukimbia wakubwa wanaopandishiana, kumbe wadogo zao wako Kanyenye! Nta ni mia na themanini, nyie mmeshafika mia mbili na sabini, na mama mwenye nyumba hajasema yake."

"Nyamaza, Mzaramo," alisema Lugembe. "Hii ni kambi yetu."

"Kambi gani, nyie wote mmeshapanda juu ya tembo!"

Maneno yakawa makali. Kaya mbili ambazo mizinga yao imetundikwa kwenye mti mmoja zikaanza kutajiana babu. Kisha Ngollo, bila kumwangalia Consolatha, akasema lile ambalo lilikuwa likizunguka uani tangu asubuhi.

"Tatizo si sisi. Tuliambiwa kwa Consolatha hakipotei kitu."

 Pipa liliacha kutokota.

Consolatha aliliacha neno lile lipite kichwani pake kama mzigo. Lilikuwa zito kuliko yote aliyopandisha. Alivuta ndoo akaketi, akafungua kanga ya kiunoni, akaanza kuisokota. Akaisokota duara, ikawa ngata.

"Siku ile," alisema taratibu, "mwenyekiti alikataa bajaji. Mlitoka stesheni hadi hapa kichwani, mkiimba, hamkutua. Ni kweli au nimeota?"

"Ni kweli," walisema.

"Basi siwabishii hata mmoja. Mtu akisema arobaini, ni arobaini. Majidi, pima mchanga. Kila mtu ajazwe kwenye gunia kilo alizotaja, aende stesheni, ajitwike, aje nazo hapa kama siku ile. Bila kutua. Akifika, nampa nta kilo hizo hizo, na ikipungua nitaitafuta mimi, hata kwa kuuza mabati haya. Mimi nimechoka kusema. Shingo zenu ziseme."

Majidi alilia machozi ya furaha. Alipima mchanga kwa uaminifu wa kadhi, akaita bajaji ibebe magunia hadi stesheni, na akasema utani unampa haki ya kutembea ubavuni mwa kila mbebaji. Hilo hakuna aliyeweza kulikataa.

Lugembe alianza, kama mwenyekiti. Ilikuwa saa sita, jua limekaa juu ya ngata yake. Alijitwika kilo arobaini kwa kusaidiwa na watu wawili, akatembea hatua mia za heshima kamili. Baada ya hapo heshima ikaanza kuyumba. Alifika kwa fundi wa kuziba pancha, akateremsha gunia juu ya rundo la matairi, akaketi juu yake.

"Mizani yako mbovu, Mzaramo."

"Mizani, au shingo, mtani? Babu yako alifika Bagamoyo. Wewe umefika kwa fundi pancha."

 Mzee alijipangusa uso, akaugeuzia upande wa pili. Majidi aliona, akaacha kucheka. Akaenda kumnunulia maji.

Kisha Ngollo. Huyu alikuwa na nguvu, na alikuwa na watazamaji. Arobaini na tano alizibeba akapita kwa fundi pancha, akapita kwa muuza mkaa, akapita hata kwenye kona ya duka la vipuri. Lakini kila hatua shingo yake ilikuwa ikizama. Waliokuwapo wanaapa kwamba alipofika kwenye ua wa Consolatha, kichwa kilikuwa kimeingia kifuani kama cha kobe, kimebaki kuchungulia kwenye tundu la vifungo, ikabidi avutwe masikio ili aweze kusema. Gunia likaanguka mita tatu kabla ya mlango.

"Nilikosea," alihema. "Ilikuwa thelathini."

"Haya," alisema Majidi. "Rudi stesheni na thelathini."

"Ishirini na mbili!" alipiga kelele Ngollo, akiwa bado amelala kifudifudi. "Ishirini na mbili, mama, na Mungu anaona!"

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Watu walianza kukumbuka kabla ya kujitwika. Thelathini na tatu ikajikumbuka kuwa ishirini. Ishirini na nane ikakumbuka kumi na tano, kisha, ilipoutazama tena mchanga, ikakumbuka kumi na nne. Suzana alipoambiwa yake haina ubishi, anaweza kukaa, alisema hapana, asije mtu akamsema kesho. Akaenda stesheni na kilo zake kumi na mbili, akarudi mgongo wima, hajatua, akaomba maji.

"Ingefaa na wale wakubwa wawili," alisema akishusha kikombe, "kila mmoja abebeshwe anachotaja."

Aliyebaki ni Consolatha mwenyewe.

"Wewe pumzika, mayo," walisema wote kwa pamoja. "Wewe tunakuamini."

"Mliniamini na mwezi wa nane."

Alisema kilo kumi na moja. Akaenda. Majidi alitembea ubavuni mwake na, kwa mara ya pili maishani, hakuwa na utani. Njia ile anayoijua kwa miaka thelathini ilikuwa imerefushwa na mtu. Kwa fundi pancha aliona nyota za mchana. Kwa muuza mkaa alisimama, akapumua, hakutua. Alifika mlangoni pake, akateremsha mchanga, akaketi juu yake, na hakuna aliyepiga makofi, maana uso wake haukuwa wa kupigiwa makofi.

Wakakata nta kila mtu kwa shingo yake. Ilipokwisha gawanywa, zilibaki kilo tisa, hazina mwenyewe. Waliangaliana. Wale waliokuwa wakigombea mia mbili na sabini asubuhi, sasa tisa za bure zimelala uani na hakuna anayeinua kidole. Kila mmoja aliogopa kwamba akisema ni yangu, ataambiwa ajitwike.

"Zichukue wewe, mama," alisema Ngollo, sauti imetoka sokoni imerudi kwa mama yake. "Na lile neno langu... nisamehe. Jua lilinipiga."

"Jua lilikuwa bado halijakupiga wakati ule," alisema Consolatha. "Lakini nimekusamehe."

Alivuta zile kilo tisa mapajani. Hakuhitaji kuziweka kichwani. Mzee Lugembe, kwa aibu ya kwa fundi pancha, alikuwa amejitajia kumi na saba, akajipunja. Mzigo wake ulikuwa ishirini na sita. Consolatha aliupandisha wa kwanza, shingo ingali nzima, akiukumbuka kama mtu anavyokumbuka mtoto wa kwanza. Alichukua kisu, akachonga upinde, akakisukuma kipande kwa mguu hadi mbele ya mzee. Lugembe alikitazama. Akataka kusema kitu, akasema, "Wabeja," asante ya kwao, basi.

Majidi alipokunja mizani yake walimwuliza habari za wakubwa.

"Wamesimama kupumua. Wakipumua vya kutosha, wataendelea."

"Bei?"

"Nusu bado."

Waliketi juu ya nta yao, watu wamechoka, migongo ukutani. Treni ya Usinge ilikuwa inakaribia saa yake. Mtu mmoja alisema ni bora wauze tu nusu bei yaishe. Mwingine akasema warudi nayo msituni. Mzee Lugembe akasimama kwa kujishika magoti.

"Mimi naacha yangu hapa," alisema. "Kwa Consolatha."

"Na mimi," alisema Suzana.

"Na mimi," alisema Ngollo.

Ikawa wote. Jina likapona. Consolatha alilisikia likipona, na akasikia vilevile shingo ikilia, maana nta iliyokatwakatwa kwa waya haiwezi kukaa hivyo. Itabidi aichemshe yote upya, kaya kwa kaya, aichuje, aigandishe, achonge alama thelathini na ngapi. Wiki mbili mbele ya pipa, mwezi wa kumi.

"Safari hii haipandi juu," alisema.

Siku tatu za kwanza Suzana na mwingine mmoja waliokubali kubaki waliichemsha pamoja naye. Iliyobaki Consolatha akaimaliza peke yake. Mabonge yakalala chini ya kitanda chake, kwenye sakafu ya saruji, mtungi wa maji pembeni kuyapoza. Kwa kuwa yalikuwa mengi, kitanda kikainuliwa kwa matofali, matatu kila mguu, kisha manne, kisha sita. Sasa Consolatha akitaka kupumzika mchana hupanda kwa kigoda, na akishafika juu pua yake karibu iguse dari. Hulala hapo chali, chini yake kambi ya watu tisa, juu yake mabati, akisubiri wakubwa wachoke. Yeye kuchoka amewatangulia.